Tafuta Pa Kulala Kwanza: Mwongozo kwa Dereva wa Lori Marekani

Madereva wenzetu wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, uwakute Columbus, Dallas au Des Moines, wengi waliingia kwenye malori wakitokea kazi za maghala na viwanda. Wachache walishaendesha nyumbani, Mombasa hadi Malaba au Dar es Salaam hadi Tunduma, na hao huja na mikono iliyokomaa. Lakini wiki za mwanzo huwatesa wote kwa namna moja. Kule nyumbani safari ilipangwa kwa mizani, mpaka na foleni: Mariakani utapita saa ngapi, Malaba utakaa siku ngapi. Hapa hupangwa kwa dakika zilizobaki kwenye kifaa kidogo kilichounganishwa na injini, na dakika hizo zikiisha huna wa kumsihi.

Nimeandika haya kwa ajili yako uliyepata leseni ya CDL karibuni na unajiandaa kwa safari ndefu. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: kabla hujawasha injini, ujue utalala wapi. Anzia hapo, kisha hesabu ukirudi nyuma hadi saa ya kuondoka. Ukianza na saa ya kufikisha mzigo na kuliacha suala la kulala lijitatue lenyewe, utajikuta usiku wa manane unazunguka kwenye uwanja uliojaa huku kifaa kikikuonya.

Kifaa na saa zake

Bunge la Marekani liliagiza logi za kielektroniki kwa sheria ya mwaka 2012. FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori na mabasi, ilitoa kanuni Desemba 2015, na utekelezaji ukaanza 18 Desemba 2017. Kampuni zilizokuwa na mitambo ya kizazi cha nyuma ziliongezewa muda hadi 16 Desemba 2019. Kabla ya hapo dereva alichora mstari kwa kalamu kwenye karatasi yenye visanduku vya robo saa. Ukipoteza dakika ishirini kutafuta nafasi, kalamu ilikusitiri. Kifaa hurekodi dakika kwa dakika, na muda ambao gari lilitembea hakuna anayeweza kuugeuza kuwa muda wa kupumzika, si wewe wala ofisi yako.

Kanuni za saa zilikuwapo kabla ya kifaa, na ndizo unazopaswa kuzijua hata ukiamshwa usingizini. Una saa 11 za kuendesha. Una dirisha la saa 14 linalofunguka dakika unapoanza kazi yoyote, hata kukagua matairi, na likifunga huruhusiwi kuendesha hata kama saa zako za kuendesha zimebaki nyingi. Ili uanze upya unahitaji saa 10 mfululizo za mapumziko. Ukishaendesha jumla ya saa 8 lazima uwe umekatiza kwa nusu saa bila kuendesha, na tangu 2020 nusu hiyo inaweza kuwa ya kujaza mafuta au kusubiri mzigo. Juu ya hayo kuna kikomo cha saa 70 za kazi ndani ya siku 8, au 60 ndani ya siku 7, kutegemea kampuni yako, na saa 34 mfululizo za mapumziko hufuta hesabu hiyo ianze sifuri.

Wengi hutazama zile 11. Mimi nakusihi uitazame 14, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowakwamisha watu maegeshoni. Saa za kuendesha husimama ukisimama. Dirisha la 14 linaendelea kwenda ukiwa kwenye foleni ya kupakia, ukiwa unakula, ukiwa unabishana na mlinzi getini.

Kifaa kina hali nne: Nje ya Kazi, Kitandani, Kuendesha, na Kazini Bila Kuendesha. Gari likifika mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8, linahesabiwa kuwa linatembea na kifaa hukuweka Kuendesha. Ukisimama dakika 5, kitakuuliza kama bado unaendesha, na usipojibu ndani ya dakika moja hukuhamishia Kazini Bila Kuendesha. Dereva mgeni huchoka, huvuta pazia na kulala bila kugusa skrini. Anaamka baada ya saa 10 na kukuta kifaa kimemwandika kazini usiku kucha. Kosa la namna hiyo hurekebishika kwa kuandika maelezo, lakini asubuhi yako imeshaharibika na ofisi inakuuliza maswali. Jizoeze: breki ya mkono, halafu skrini, halafu mengine.

Suala la majira nalo limewaponza wengi. Logi hufuata saa za kituo cha nyumbani cha kampuni yako popote uendapo, lakini miadi ya kupakia na kupakua huandikwa kwa saa za mahali penyewe. Kampuni ikiwa Ohio na mzigo unakwenda Denver, kuna tofauti ya saa mbili kati ya skrini na ukuta wa ghala. Na sisi wenye Kiswahili tuna tabaka la tatu: kichwani siku bado inaanza alfajiri, ukiambiwa “seven” unaona saa moja, na mtu akiwa amechoka huteleza. Andika miadi kwa tarakimu za kifaa, 07:00 au 19:00, ukiweka na majira ya mahali pembeni. Usiiache kichwani.

Safari moja kwa mfano

Tuseme umepewa mzigo Omaha, Nebraska, upeleke Joliet, Illinois, kwa barabara ya I-80. Ni maili kama 440. Kupakia ni saa 2 asubuhi, kupakua kesho yake saa 2 asubuhi. Kwenye karatasi ni safari ya siku moja nyepesi.

Unaanza ukaguzi wa gari saa 1 asubuhi, na hapo dirisha lako limefunguka. Litafunga saa 3 usiku. Ghala linakuchelewesha, unatoka saa 6 mchana. Hujaendesha chochote cha maana, saa 11 zako zote zipo, lakini dirishani zimebaki 9 tu. Kwa wastani wa maili 55 kwa saa, pamoja na kusimama ile nusu saa ya lazima, unaingia Joliet saa 2 na nusu usiku. Umebakiwa na nusu saa. Eneo hilo ni la maghala, malori ni mengi kuliko nafasi, na saa hiyo viwanja vimeshajaa. Unajaribu cha kwanza, cha pili, na dakika zinakwisha ukiwa njiani kwenda cha tatu.

Sasa ipange upya kwa kuanzia kitandani. Kwenye I-80, kwenye njia ya kutokea namba 284 katika jimbo la Iowa, pana Iowa 80 ya Walcott, kituo kinachojulikana kuwa kikubwa kuliko vyote vya malori duniani, chenye nafasi kama 900. Namba za kutokea huhesabiwa kwa maili kutoka mpaka wa magharibi wa jimbo, kwa hiyo kutoka Omaha, iliyo ng'ambo tu ya mto, ni maili kama 284. Ukitoka saa 6 mchana, unafika saa 11 na nusu jioni. Unapata nafasi, unaoga, unakula chakula cha moto, unalala. Saa 10 zinatimia saa 9 na nusu usiku. Unakagua gari, unaendesha maili kama 150 zilizobaki barabara ikiwa tulivu, na kabla ya saa 1 na nusu asubuhi upo getini. Mzigo umefika kwa wakati uleule. Na siku yako mpya ina dirisha hadi saa 11 na nusu jioni, kwa hiyo hata wakikupakua hadi saa 5 bado una muda wa kuondoka eneo la Chicago na kupata nafasi ya jioni inayofuata.

Utaona kwamba kwenye mpango wa pili umeacha saa nyingi za kuendesha bila kuzitumia. Hilo litakuuma, hasa kama unalipwa kwa maili. ATRI, taasisi ya utafiti wa usafirishaji, ilipokusanya shajara za madereva na kutoa matokeo mwaka 2016, ilikuta kwamba dereva wa kawaida aliacha dakika 56 za kuendesha kila siku ili awahi nafasi. Wakazigeuza kuwa fedha wakapata hasara ya dola kama 4,600 kwa mwaka. Ni fedha nyingi, na sioni haki kwamba dereva azibebe peke yake. Lakini kwa hali ilivyo, panga ukijua gharama hiyo ipo, na pigania kurudisha sehemu yake kwa njia nitakayoitaja mwishoni.

Nafasi hazitoshi

Uchunguzi wa serikali ya shirikisho uliotolewa 2020 ulihesabu nafasi kama 313,000 za malori nchi nzima: 40,000 kwenye sehemu za umma za kupumzikia, 273,000 kwenye vituo vya watu binafsi. Madereva 98 kati ya 100 walisema hupata shida ya kupata nafasi salama. Uchunguzi huo unatokana na sheria iliyopewa jina la Jason Rivenburg, dereva aliyefika mapema mno kupakua mzigo huko South Carolina mwezi Machi 2009. Hakuruhusiwa kusubiri kwa mpokeaji, akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa, na hapo akauawa kwa risasi. Mwuaji alipata dola 7. Mkewe, Hope, alikuwa na mimba ya mapacha, na ndiye aliyesimama hadi sheria ikapita. Namtaja kwa sababu kila mara ninapomsikia dereva mpya akisema “nitaegesha popote,” namkumbuka yeye.

Bega la mchepuko wa kutoka barabara kuu usilifanye kitanda. Usiku wa 12 Julai 2023, basi la Greyhound liligonga malori yaliyokuwa yameegeshwa kwenye mchepuko wa kuingia sehemu ya kupumzikia kando ya I-70 karibu na Highland, Illinois, na abiria watatu wakafa. Madereva wa malori yale walikuwa wanapumzika tu.

Kupata nafasi yenyewe

Mchana, si usiku, ndio wakati wa kutafuta. Viwanja vingi vinaanza kujaa kuanzia saa 11 jioni, na karibu na miji mikubwa ya Pwani ya Mashariki hata mapema. Njia rahisi ya kukwepa ni kuisogeza siku yako: anayeanza kazi saa 9 usiku humaliza mchana wakati wengine ndiyo kwanza wanaondoka, na huchagua nafasi anayoitaka. Mwili huchukua siku kadhaa kuzoea. Kama una tatizo la usingizi, usijilazimishe.

Chagua sehemu tatu: moja unayoitaka, moja ya nusu saa kabla yake, na moja mbele yake ambayo dirisha lako bado linaifikia. Programu kama Trucker Path huonyesha taarifa zinazotolewa na madereva wenyewe, na vituo vikubwa kama Pilot, Love's na TA huuza nafasi za kuwekwa akiba. Kwa dereva anayeingia New Jersey au kusini mwa California usiku, naona ada hiyo ni heri kuliko faini na wasiwasi. Muulize mwajiri kama hurejesha. Majimbo manane ya katikati ya nchi, yakiwamo Indiana, Ohio, Iowa na Kentucky, yana mfumo ulioanza 2019 unaoonyesha idadi ya nafasi zilizo wazi kwenye mabango ya barabarani. Uamini, lakini kumbuka kwamba namba uliyoisoma maili 20 nyuma inaweza kuwa imeisha.

Kwenye sehemu za umma, soma bango: baadhi ya majimbo huweka kikomo cha muda. Kwenye maduka makubwa, ingia ukaombe ruhusa kwa meneja, kwani kuna miji inayokataza malori hata pale duka linapokubali.

Swali lililoniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote ni la simu kwa mpokeaji: je, naweza kulala kwenu usiku kabla ya miadi, na nikimaliza kupakua naweza kubaki? Uliza mapema, wakati ofisi bado zimefunguliwa. Andika jina la aliyejibu. Wakikataa, umejua ukiwa bado una saa tano mkononi.

Majira ya baridi hesabu hubadilika. Wyoming ikifunga I-80 kwa upepo au theluji, malori hurundikana Cheyenne, Laramie na Rawlins ndani ya muda mfupi. Ukisikia tahadhari, simama mji mmoja kabla. Kuna ruhusa ya kuongeza hadi saa 2 kwa hali mbaya ya barabara, ila ni kwa hali ambayo hukuijua wala hukuweza kuijua kabla ya kuanza. Dhoruba iliyotangazwa jana haikupi ruhusa hiyo.

Nafasi ndogo ambazo kanuni inakuachia

Kugawanya mapumziko ndicho chombo chenye thamani kuliko vyote, na madereva wetu wengi hukiogopa kwa sababu hesabu yake inachanganya. Tangu 29 Septemba 2020, saa zako 10 zinaweza kuwa vipande viwili: kimoja kisichopungua saa 7 kitandani, na kingine kisichopungua saa 2, kitandani au nje ya kazi, mradi jumla ifike 10. Vipande vyote viwili huisimamisha ile 14.

Rudi Omaha. Kama ghala limekuachia kabisa ukalale, huna wajibu wa gari wala mzigo, na umejiweka Kitandani kuanzia saa 2 hadi saa 6 mchana, una kipande cha saa 4. Ukija baadaye kulala kwa muda wa saa 7, vipande vinaungana, na zile saa 4 hazikuliwa na dirisha: ulikuwa umetumia saa 1 tu, kwa hiyo ungeweza kuendesha hadi saa 7 usiku. Ukishakamilisha kipande cha pili, saa zako huhesabiwa upya kutoka mwisho wa kipande cha kwanza, si kutoka asubuhi unapoamka. Hapo ndipo watu huanguka. Siku ya kwanza kuutumia mgawanyo, mpigie mtu wa usalama wa kampuni yako mhesabu pamoja.

Matumizi binafsi ya gari nayo yana nafasi yake. Ukimaliza kupakua na saa zimekwisha, maelekezo ya FMCSA ya 2018 yanakuruhusu kwenda nje ya kazi hadi mahali pa karibu palipo salama kupumzikia, na hata gari lenye mzigo linaruhusiwa. Huruhusiwi kupita sehemu ya kulala iliyo wazi ili usogee kwa mzigo unaofuata. Afisa wa usalama akikugongea usiku uhamishe gari, hilo pia huingia humo. Andika maelezo papo hapo: nani, wapi, kwa nini. Kumbuka kampuni inaweza kukataza kabisa matumizi haya, na neno lake lazima ulifuate.

Kifaa kikiharibika, iandikie kampuni taarifa ndani ya saa 24 na uanze karatasi. Kwa hiyo beba karatasi tupu za siku 8 pamoja na maelekezo ya kifaa. Kampuni ina siku 8 kukitengeneza. Ukinunua lori lako mwenyewe, angalia kama kifaa chako bado kipo kwenye orodha ya FMCSA, kwani watengenezaji hujithibitisha wenyewe na baadhi yao huondolewa. Na usidanganywe kwamba injini ya kabla ya mwaka 2000 inakuondolea kanuni za saa. Inakuondolea kifaa tu.

Tangu 25 Juni 2025, dereva anayeshindwa kuelewana na afisa kwa Kiingereza anaweza kusimamishwa barabarani. Jizoeze kueleza logi yako kwa sauti: ulianzia wapi, ulipumzika wapi, kwa nini ulitumia matumizi binafsi. Jizoeze pia kuituma kutoka kwenye kifaa, maana mikono hutetemeka mbele ya taa za buluu.

Ofisi ikikushinikiza

Siku itafika mtoa mizigo atakuambia: “Una saa 11, mbona umesimama?” Jibu kwa utulivu na kwa maandishi, ukitaja dirisha lako linafunga saa ngapi na nafasi iliyo karibu iko wapi. Kanuni iliyoanza 2016 inakataza kampuni, wakala au mwenye mzigo kumtisha dereva avunje saa, na malalamiko hupelekwa FMCSA. Ujumbe wa simu ni ushahidi. Maneno ya mdomo hupotea.

Na kifaa hicho kinachokubana ndicho kinachokushuhudia. Kimeandika dakika uliyofika Omaha na dakika uliyotoka. Mikataba mingi huhesabu saa mbili za kwanza kuwa bure, na baada ya hapo kuna malipo ya kucheleweshwa, lakini asiyeleta ushahidi halipwi. Mwombe mtu wa ghala aandike saa ya kuingia na kutoka kwenye hati ya mzigo na kuisaini. Ipige picha pamoja na skrini ya logi, uzitume ofisini siku hiyohiyo ukiwa umeshaegesha, kabla hujavuta pazia.